Anapopiga Watu Wakati wa Kuogeshwa, Tafuta Maumivu Kwanza

Juzi msomaji kaniandikia kwamba mama yake, mwenye dimensia iliyokomaa (ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu na akili), hupiga watu kila akiogeshwa, na ndugu wanataka apewe dawa ya kumtuliza. Dada, nisikilize kabla hujakubali.

Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Akiketi, katulia kama maji mtungini. Mgeuze ubavu wa kushoto uone: uso unakunjamana, shuka kaikamata kwa vidole vyote, pumzi zinakwenda mbio. Nilipomweleza muuguzi, alinijibu kwamba wagonjwa wa aina hii hawasikii maumivu tena. Jibu lile linanichoma mpaka leo. Ugonjwa huu humnyang'anya mtu maneno ya kusema anaumwa, lakini kuumwa anaumwa.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Kuna kipimo cha maumivu kwa wagonjwa wa dimensia kiitwacho PAINAD, kilichapishwa mwaka 2003. Unatazama mambo matano: anavyopumua, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Kila moja lina alama 0 hadi 2, jumla 10. Mpime anapogeuzwa, anapovishwa, anapooshwa. Ukimpima amelala utaandika sifuri, na sifuri hiyo itakudanganya. Alama hazikwambii panapouma, zinakwambia tafuta.

Daktari mwingine alipolisoma daftari langu alikwenda moja kwa moja kwenye nyonga ya kushoto. Baridi yabisi! Akaandika parasetamoli kwa saa maalumu, bila kungoja mama alie. Mapigano ya bafuni yakaisha. Najivunia daftari lile, sifichi.

Wala si mama yangu peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Norwei walichapisha utafiti wa wagonjwa 352 wa dimensia katika makao ya wazee. Waliotibiwa maumivu hatua kwa hatua, wengi wao kwa parasetamoli tu, fujo zao zilipungua.

Basi tuache kuwaita wazee wetu wakorofi. Mkague kinywa, visigino, mgongo. Ulizia choo kigumu na mkojo uliobana. Na yeye mwenyewe muulize, swali fupi, mkitazamana. Wapo wanaoitikia kwa kichwa.

Hiyo dawa ya kutuliza inaweza kumnyamazisha huku bado anaumwa. Wakikuletea, mwulize daktari ameshatafuta maumivu sehemu zipi, na umpe daftari lako alisome mbele yako.