Saa 48 za notisi, dakika 90 za mechi

Umeuliza kama notisi ya kuondoa maudhui, iliyo katika kifungu cha 35B cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, inaweza kuzima mechi inayorushwa mubashara kwa wizi. Mechi hiyo yenyewe, hapana: mtoa huduma wa intaneti ana saa 48 za kazi kuiziba. Notisi inafaa kwa tovuti sugu, zile zinazorudi kila wikendi.

Ukiiandika, weka jina na anwani zako, sahihi, haki inayokiukwa, URL kamili (anwani ya ukurasa wa wavuti) na hati ya kiapo ya kuthibitisha umiliki. Nakala ziende KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) na Mamlaka ya Mawasiliano. Na usidai hakimiliki ya mchezo! Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema mwaka 2011 kwamba mechi ya mpira si kazi yenye hakimiliki. Dai matangazo: picha, michoro ya skrini, marudio.

Kwa mubashara unahitaji amri ya mahakama, na kifungu cha 35D kinakupa mlango. Mfano bora ni amri ya Machi 2017 ambayo Premier League ilipewa London. Ililenga seva (kompyuta zinazorusha mechi) kupitia anwani zake za IP, yaani namba zinazozitambulisha kwenye intaneti, zikizibwa wakati wa mechi tu, huku orodha ikibadilishwa kadiri wezi wanavyohama.

Lakini anwani moja ya IP hubeba huduma nyingi halali. Italia, inayotaka uzibaji ndani ya dakika 30, iliziba Google Drive kimakosa Oktoba 2024. Kwa hiyo omba amri itaje pia njia ya haraka ya kuzibua.