Fundi wa Simu Anajibu

SWALI: Mzee Fundi, nimesoma kwamba ARPANET, mtandao wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulikuwa umeunganisha vituo 4 kufikia mwisho wa 1969. Lakini terminali ya siku hizo ni kibodi na karatasi tu, haina akili. Iliongeaje na kompyuta ya mji mwingine? – Mwanafunzi, Maseno

JIBU: Mwanangu, umenirudisha Kisumu ya ujana wangu, bisibisi mkononi, nyuma ya mashine ya teleksi.

Tuanze na kompyuta wenyeji, yaani kompyuta kubwa za vituo zenyewe. Zilitoka viwanda tofauti na hazikuelewana. Basi kampuni ya BBN iliweka katika kila kituo kompyuta ndogo, IMP, iliyoundwa kwa mashine ya Honeywell DDP-516. IMP ndiyo iliyokata ujumbe kuwa pakiti, vifurushi vidogo vya biti kama 1,000, na kuzipitisha kwenye laini za simu za kilobiti 50 kwa sekunde. IMP ya upande wa pili ikaziunga. Mwenyeji alihitaji tu kuzungumza na IMP yake. Kebo kati ya mwenyeji na IMP nayo ilikuwa na kipimo: kiunganishi cha karibu kilifika mwisho futi 30, cha mbali futi 2,000. Kile cha mbali kilisoma tofauti ya umeme kati ya nyaya mbili. Sisi wa simu tunaijua jozi hiyo: kelele ikiingia, huingia kwenye nyaya zote mbili sawasawa, na ishara inabaki safi.

Sasa, mwenye terminali bila kompyuta? Hapa ndipo ninapopapenda. Zamani aliyekosa simu nyumbani alikwenda kupiga Posta. TIP, iliyoanza kazi 1971, ilikuwa Posta ya namna hiyo: IMP na kidhibiti cha terminali pamoja, kwenye Honeywell 316. Ilipokea hadi terminali 63, za waya au za modemu (kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu). Terminali ya polepole, ya herufi 10 kwa sekunde, ilikaa na za kasi, TIP ikikusanya herufi na kuzifungasha kwa niaba yao. Ukitaka kuiamuru TIP yenyewe, si kompyuta ya mbali, ulianza na alama @. Kwa hiyo usiidharau terminali, mwanangu. Akili yake ilikuwa pale ilikochomekwa.

SWALI: Mpangilio huo uliishia wapi? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Itifaki ya NCP, kanuni ambazo kompyuta za ARPANET zilitumia kuzungumza, iliondolewa 1 Januari 1983, TCP/IP ikaingia. Mwaka huohuo upande wa jeshi ulitengwa, ukaitwa MILNET. TIP zilipisha TAC, vidhibiti vipya vya terminali, ambazo baadaye zilidai jina na nenosiri kabla ya kukufungulia.