Kwa unayekabidhiwa zamu ya zimamoto kwa mara ya kwanza

Askari wanaopandishwa cheo na kupewa zamu huniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: nikifika kwenye tukio, niamuru nini kwanza? Nawaelewa. Cheo kipya kikishakaa begani, macho ya kikosi kizima yanakuelekea wewe, na wananchi waliojaa barabarani kila mmoja anapiga kelele akitaka la kwake. Lakini nimeongoza zamu na kufundisha wanaoongoza kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo likiulizwa pale barabarani limeshachelewa. Amri utakayoitoa mbele ya nyumba inayowaka itafuatwa au itapotea hewani kutegemea mlichofanya pamoja kituoni wiki zilizopita, siku ambazo king'ora hakikulia.

Kuna habari ya Marekani ambayo huwasimulia askari wapya kabla hata hatujagusa mpira wa maji. Tarehe 5 Agosti 1949, kwenye bonde la Mann Gulch katika jimbo la Montana, askari wa moto wa misituni waliruka kwa miamvuli kwenda kuzima moto ulioonekana wa kawaida. Kiongozi wao aliitwa Wagner Dodge. Moto ukavuka bonde, ukawageukia na kuanza kuwafukuza kwenye mteremko mkali wa nyasi kavu. Dodge alipoona hawataushinda kwa mbio, akawasha kiberiti, akaunguza nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia kwenye majivu na kuwaita wenzake waje walale humo, kwa kuwa palipokwisha kuungua moto hauna cha kula. Hakuna aliyemfuata. Walimpita mbio kuelekea juu ya mlima. Watu 13 walikufa. Dodge alinusurika ndani ya majivu yake, na vijana wawili wakawahi kuvuka ukingo wa juu.

Amri ile ilikuwa sahihi. Ila hakuna aliyekuwa ameifanyia mazoezi, na wengi wa vijana wale hawakuwa wamezoea kufanya kazi na kiongozi huyo. Hebu jiweke mahali pao: moto uko mgongoni, na mtu usiyemjua vizuri anakuambia ingia kwenye moto mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: fundisha kutoka kabla ya kufundisha kuingia. Nenda kituo chochote uone mazoezi yanayopendwa. Kutandika mipira, kusimamisha ngazi, kuingia na nozeli (kichwa cha mpira kinachotoa maji), kubeba majeruhi. Yote mazuri, na yote yanaelekea ndani. Zoezi la kuacha kazi na kurudi nje halipendwi kwa sababu halina sifa, lakini ndilo litakalokuokolea watu. Askari aliyeshika nozeli na kuona moto unaanza kupungua mbele yake hatageuka kwa sababu tu umesema "tokeni" kwenye redio. Atasema moyoni, bado kidogo. Hiyo "bado kidogo" ndiyo inayoua, maana chumba kilichojaa moshi wa moto kikifikia nyuzi joto kama 500 hadi 600 huweza kuwaka chote kwa mara moja, kuanzia dari hadi sakafu, na mavazi yetu hayakushonwa kwa ajili ya kukaa ndani ya hali hiyo. Chagueni ishara moja ya kutoka, iwe honi ndefu ya gari pamoja na neno moja la redioni. Ifanyieni mazoezi katikati ya mazoezi mengine, bila kutangaza, mpaka miguu igeuke yenyewe.

Na siku utakapolazimika kuzuia watu wasiingie, ujue hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote. Tarehe 3 Desemba 1999, mjini Worcester, Massachusetts, liliwaka ghala kuukuu la baridi lililoachwa bila kutumika, jengo kubwa lisilo na madirisha ya kutosha. Askari waliingia kutafuta watu wasio na makazi waliosemekana kulala humo, kumbe walikuwa wameshatoka. Askari wawili wakapotelea kwenye moshi, hewa ikiwaishia, wakaomba msaada. Wengine wanne wakaingia kuwatafuta, nao hawakurudi. Kiongozi aliyesimamia ndani, Mike McNamee, akasimama kwenye mlango wa ngazi na kuwazuia askari wake mwenyewe, waliokuwa wakitaka kwenda kuwaokoa ndugu zao. Wakatii. Nimelifikiria hili mara nyingi. Watu wenye uchungu wa namna hiyo hawamtii mtu kwa sababu ya nyota begani. Wanamtii kwa sababu wanamjua. Wameshaona kwa miaka kwamba yeye si mtu wa kukimbia moto.

Hapo ndipo linapoingia suala la kiongozi na mtungi wa hewa, ule tunaoubeba mgongoni ili tuvute pumzi ndani ya moshi. Ukifika uwanjani ukakaa kivulini na filimbi huku askari wakitambaa, unawafundisha kwamba mtungi ni adhabu ya wenye vyeo vidogo. Vaa. Tambaa nao. Funika kioo cha barakoa kwa kitambaa cheusi, shika mpira, mfuate mwenzio gizani mkitambua kwa vidole kiungio kinaelekea upande gani, wa pampu au wa nozeli. Halafu mkitoka, kaeni chini mfanye hesabu ya hewa pamoja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha presha) una takriban lita 1,800 za hewa. Askari anayefanya kazi nzito anaweza kuvuta lita 50 kwa dakika, na mwenye hofu au asiye na mazoezi huvuta zaidi. Ukiweka bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,500, yaani dakika 30 za kwenda na kurudi. Kwenye karatasi ya muuzaji mtungi huohuo huenda umeandikwa dakika nyingi zaidi. Mimi hufundisha hivi: umeingia na bar 300, ukifika 180 unageuka, hata kama umebakiza chumba kimoja. Bar 120 zimekuingiza, 120 zitakutoa, 60 ni za ukuta ulioanguka njiani. Na mlangoni asimame mtu mwenye ubao: jina, presha ya kuingia, saa ya kuingia, na nani yuko na nani. Mtu huyo asipewe kazi nyingine yoyote. Nimeona ubao unawekwa chini ili mwenye ubao akasaidie kuvuta mpira, na kuanzia dakika hiyo hakuna anayejua ndani kuna watu wangapi.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sana sisi watu wa heshima na saluti. Jeshi ni utii, na sina tatizo na hilo. Lakini utii ukizidi kipimo, konstebo anaona dari linalegea juu ya kichwa cha afande na ananyamaza, kwa sababu hajui aanzeje kumwambia mkubwa wake asogee. Usimwachie mzigo huo siku ya tukio. Mpe neno mapema, kwenye mazoezi, mbele ya wote. Kwenye zamu yangu neno lilikuwa "simama", na yeyote angeweza kulisema, na likisemwa kila mtu alisimama kwanza, maelezo baadaye. Kuna kijana mmoja, hana hata mwaka kazini, alinikatiza redioni katikati ya zoezi: "Afande, nimefika 180, natoka." Zoezi likaharibika, majeruhi wa bandia akabaki ndani. Nilimpongeza pale pale gwarideni. Kuanzia hapo wote wakaanza kuzitaja namba zao bila woga. Vivyo hivyo mkikaa kutathmini tukio, aanze kuzungumza mwenye cheo cha chini na wewe uwe wa mwisho. Ukianza wewe, wote waliobaki watasema wanachodhani unataka kusikia.

Asubuhi ya kupokeana zamu usikubali kusaini kitabu kwa kuambiwa "gari liko vizuri, afande". Fungueni kila mlango wa gari. Pampu iwashwe na ivute maji, isiangaliwe kwa macho tu. Mitungi isomwe presha mmoja mmoja, redio zijibiwe, mashine ya kukatia chuma iungurume, mafuta yapimwe kwenye tangi. Kila kifaa kirudi mahali pake palepale, maana usiku wa mvua mkono unatafuta kwa mazoea.

Halafu maji. Hakuna lawama iliyotuchoma kwa miaka kama ile ya "faya wamekuja bila maji". Mara nyingi gari lilifika limejaa. Tatizo ni hesabu ambayo mwananchi hajawahi kuelezwa na wakati mwingine hata kiongozi wa zamu hajaifanya. Gari la lita 5,000 lenye nozeli moja inayotoa lita 400 kwa dakika linaishiwa baada ya dakika kumi na mbili na nusu. Ukifungua nozeli mbili, ni kama dakika sita. Dakika sita! Kwa hiyo amri ya kutafuta maji hutolewa gari likiwa bado njiani, na ili itolewe lazima ujue maji yako wapi. Zunguka eneo lako kwa miguu. Haidranti zipi, yale mabomba ya barabarani ya kujazia gari la zimamoto, zinatoa maji na zipi zimefukiwa na lami au kibanda cha biashara? Hoteli ipi ina bwawa la kuogelea ambalo gari linaweza kulifikia? Shule ipi ina tangi la ardhini? Mwenye boza la maji anapatikana usiku kwa namba gani? Peleka askari tofauti kila mara, na dereva asikose, kwa sababu yeye ndiye atakayekata kona saa nane za usiku. Dereva huyohuyo afundishwe pa kusimamisha gari. Mafuta yakimwagika barabarani, upande wake ni ule unakotoka upepo, na kwa mbali, na kazi ya kwanza ya kikosi ni kuwaondoa watu. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la petroli kupinduka na watu kulisogelea kuchota mafuta.

Mkizunguka hivyo, ingieni shuleni. Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inatupa nafasi ya kukagua, itumieni hasa kwenye mabweni. Wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni Sekondari ya Idodi, Iringa, mwaka 2009, na majirani zetu wa Kenya walizika wanafunzi 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, mwaka 2024. Angalia nondo za madirisha, angalia mlango unafungukia upande gani, uliza ufunguo wa usiku anakaa nao nani na analala wapi. Msiondoke mpaka watoto wenyewe wamefanya zoezi la kutoka mkiwatazama, na ikiwezekana mrudi jioni, taa zikiwa zimezimwa.

Kuhusu mwili nitasema kwa kifupi. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, moyo umewaua askari wengi wa zimamoto walio kazini kuliko moto wenyewe, kwa hiyo mbio za asubuhi si mapambo ya jeshi. Na mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi yetu kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Koti lenye masizi lifuliwe, lisitundikwe chumba cha kulala wala kupelekwa nyumbani kwenye watoto.

Kazi ya kifusi nayo ina amri yake kuu: kimya. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai, na uokoaji ukaendelea kwa siku kadhaa. Aliyenaswa chini ya zege humsikii kama mashine zinanguruma na umati unapiga kelele. Filimbi ikilia, injini zizimwe, kila mtu agande alipo, sikio lisikilize. Amri hiyo mwananchi haijui kabisa, kwa hiyo wagawe mapema askari wa kuwatuliza watu kwa lugha ya upole, na mfanye mazoezi ya kukaa kimya dakika nzima bila mtu kukohoa kwenye redio.

Na hao wananchi usiwaone kama kero. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi waliwahi kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka. Kijana mmoja wa wavuvi wale, Majaliwa Jackson, alipata umaarufu nchi nzima, na Rais Samia Suluhu Hassan akaelekeza aandikishwe kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwenye eneo lako pia wapo watu watakaofika kabla yako: wavuvi, bodaboda, mafundi wa kuchomelea, walinzi wa usiku. Watafute. Waalike kituoni Jumamosi moja, waelezeni wapige 114, namba ya dharura ya zimamoto, na waseme nini, waonyesheni wasimame wapi mkianza kazi, nanyi mjifunze kwao njia za mkato na maji ya ziwani yanavyokwenda. Namba zao ziandikwe chumba cha mawasiliano, na zamu inayoingia izipigie mara kwa mara kuhakikisha bado zinapatikana.