Dola tatu si shilingi 387: kwa wadogo zetu mnaoanza masomo ya maendeleo

Kila msimu wa kutetea mapendekezo ya utafiti, makosa ni yale yale. Mada tu ndizo hubadilika: hapa Mombasa, leo wavuvi wa Mtongwe, kesho kina mama wauza mboga wa Kongowea. Inauma, wadogo zangu, kwa sababu wengi wenu mna akili na bidii, na linalowaangusha ni hesabu ya ukurasa wa kwanza. Basi someni haya kabla hamjaenda kwa msimamizi.

1. Mstari wa umaskini. Juni 2025 Benki ya Dunia iliupandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa mtu kwa siku. Mwanafunzi anaiona hiyo 3, anatazama kwenye simu dola inauzwaje, anazidisha kwa 129 na kupata shilingi 387. Kisha anavuka feri hadi Likoni, na kila anayetumia chini ya 387 kwa siku anamwandika fukara. Jedwali la kwanza limeshaharibika, na sura nzima ya nne itaharibika nalo.

Dola hizo hazibadilishwi dukani. Ni dola za uwezo wa kununua (PPP), kwa bei za mwaka 2021: unachouliza ni shilingi ngapi zilitosha kununua Kenya kile ambacho dola moja ilinunua Marekani mwaka huo. Kodi ya chumba, nauli na kinyozi ni rahisi sana huku kuliko kule, kwa hiyo shilingi zinazotakiwa ni chache mno kuliko za benki. Fanyeni hivi. Kwenye takwimu za Benki ya Dunia, tafuteni kiwango cha uwezo wa kununua cha Kenya cha 2021. Chukueni kile cha matumizi ya kaya, maana cha pato la taifa kimekaa jirani yake na majina yao yanafanana. Zidisheni kwa 3. Halafu sogezeni jibu hadi mwezi wa utafiti wenu kwa fahirisi ya bei ya KNBS, shirika la taifa la takwimu: fahirisi ya mwezi huo gawanya kwa wastani wa 2021. Tuseme, kwa kujifunzia hesabu tu, kiwango ni 45 na bei zimepanda kwa asilimia 30. Mara 3 ni 135, mara 1.3 ni shilingi 175.50. Sasa mfikirie mama wa Shika Adabu ambaye nyumbani kwake kila mtu hutumia shilingi 250 kwa siku. Kwa 387 mmemwita fukara. Kwa hesabu sahihi amevuka mstari.

Na kuna shimo la pili papo hapo. Mstari wa kimataifa ni wa kila kichwa. Mstari wa Kenya ni wa mtu mzima mmoja au anayelingana naye: mtoto wa miaka 0 hadi 4 ni 0.24, wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65, wa 15 na kuendelea ni 1. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliweka mstari wa mijini kwenye shilingi 5,995 kwa mwezi. Chukueni kaya ya Kisauni ya wakati ule: baba, mama, mtoto wa miaka 8 na wa miaka 3, matumizi shilingi 20,000. Ukigawanya kwa vichwa vinne unapata 5,000, maskini. Ukigawanya kwa 2.89, yaani 1 + 1 + 0.65 + 0.24, unapata 6,920, si maskini. Familia ni ile ile, na chakula ni kile kile. Kwa hiyo kila mnapoandika mstari wowote, andikeni pembeni yake mambo matatu: ni kwa kichwa au kwa mtu mzima, ni kwa siku au kwa mwezi, na ni kwa bei za mwaka gani.

2. Sampuli ya 384. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linaloonyesha sampuli iwe ya watu wangapi, mnalipenda, na Mombasa yenye watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019 inawapa hiyo 384. Lakini namba hiyo inadai uteuzi wa bahati nasibu. Watu 384 uliowasimamisha mlangoni mwa soko ni umati tu. Pia majirani hufanana, hivyo kaya 13 katika kila mmoja wa mitaa 30 zitakufunza mengi kuliko kaya 96 katika kila mmoja wa mitaa minne. Na hesabuni kaya, msihesabu milango: nyumba moja ya Kiswahili huko Majengo yaweza kuwa na vyumba sita na kaya sita. Kaya ni wanaokula chungu kimoja.

3. Dodoso. Msiulize “mapato yako kwa mwezi ni kiasi gani?” Kibarua wa bandarini leo kaitwa, kesho hakuitwa, atakupa namba ili umwache apumzike. Ulizeni matumizi: chakula kwa siku 7, nauli na tokeni za stima kwa siku 30, karo na nguo kwa miezi 12. Kuigeuza wiki kuwa mwezi, zidisha kwa 52 ugawanye kwa 12. Ukizidisha kwa 4 umewapunja wiki nne za mwaka. Mahamri na mbaazi za asubuhi zinazonunuliwa kwa jirani ziwe na swali lake, la sivyo zitasahaulika zote. Samaki aliyeletwa nyumbani bila kununuliwa mtieni bei ya sokoni. Ijumaa adhuhuri msibishe hodi kwa mtu, na Ramadhani nendeni asubuhi, kabla jikoni hakujachangamka. Mzee wa mtaa muoneni kwanza, shikamoo mbele, barua mkononi.

4. Vibali: kamati ya maadili, kisha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, inayotoa leseni za utafiti), kisha ofisi za kaunti na chifu, kwa mpangilio huo, na hakuna kukusanya data kabla.

5. Jedwali la mantiki ya mradi (logframe), linalotenganisha mradi ulichotoa na kilichobadilika kwa watu. “Wanawake 60 wamefunzwa” ni kilichotolewa. Kilichobadilika ni wangapi kati yao bado wanaweka akiba miezi sita baadaye.

6. Kabla ya siku ya kwanza, jaza fomu yako ya Kobo, programu ya kukusanyia data kwa simu, na kaya 10 za mtaa ambao haumo kwenye sampuli. Simu ikikubali mama wa miaka 14 mwenye mtoto wa miaka 12, rudi ukaweke masharti kwenye swali la umri.