"Nishati safi": safi kwa nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye simu naona kampuni imeandika kwamba gesi ni nishati safi. Nikishuka kidogo nakuta wanaharakati wa mazingira wanaiita nishati chafu. Nani kakosea Kiswahili? – Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyekosea, ila wote wawili wamekata mkia.

Istilahi iliyomo katika mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 ni "nishati safi ya kupikia". Uzito wote umo kwenye hayo maneno mawili ya mwisho: usafi unaopimwa ni wa jikoni, yaani moshi usiomwingia mpishi kifuani, na miti isiyokatwa kwa ajili ya mkaa. Kwa kipimo hicho gesi ya mtungi inafaulu. Ukiondoa "ya kupikia", sifa ya jikoni inapanda mpaka angani, na huko kipimo ni kingine, maana gesi ikiungua hutoa hewa ukaa, ingawa kidogo kuliko makaa ya mawe. Mwanaharakati anapima kwa anga, anaandika "chafu", naye hasemi chafu kwa nani. Mama aliyetoka kupuliza kuni atamshangaa.

Shuka Mwaloni hapo kwenu. Muuzaji akisema "dagaa safi", ana maana hawana mchanga, wameanikwa kwenye chanja. Kuhusu wavu uliowavua hajasema kitu, na wewe hukudanganyika, kwa sababu unajua pale sokoni watu wanakagua nini. Anayesoma tangazo kwenye simu hana msaada huo. Kwa hiyo andika "safi kwa kupikia" au "chafu kwa tabianchi", hata kama sentensi itarefuka.

"Asilia" nalo lina ujanja wake. Masikio yaliyozoea "dawa asilia" husikia "haina madhara", kumbe gesi asilia, kama ya Songo Songo na Mnazi Bay, ni asilia kwa kuwa tu imechimbwa ardhini. Sehemu yake kubwa ni methani, ambayo ikivuja hulipasha anga joto kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. (Ya kwenye mtungi wako ni nyingine, ni propani na butani.)

Mara nyingi naulizwa pia kuhusu "jadidifu". Hilo ni la jua, upepo na maji, vitu vinavyojirudia. Gesi asilia haimo. "Mbadala" mimi nalikwepa, kwani hata mkaa ni mbadala wa kuni.