Maswali ya kamera: pesa iende kwenye lenzi kwanza

Barua za safari hii karibu zote zinauliza bodi gani (kamera bila lenzi) inunuliwe. Wanaouliza lenzi ni wachache mno, na hapo ndipo watu wengi wanapoanza kupoteza pesa. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Kamera gani ni nzuri kwa mtu anayeanza? (Msomaji, Mwanza)

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara linakuja tupu. Nzuri kwa kazi gani, na mfukoni una shilingi ngapi? Anayepiga mechi za mtaani jioni, anayepiga nguo za kuuza mtandaoni na anayepiga harusi hawahitaji vifaa vilevile. Ukiandika tena taja kazi, bajeti, na kamera wanazotumia wapiga picha wa hapo ulipo.

Hilo la mwisho watu hulidharau, lakini mimi naliweka mbele ya mengine yote. Kamera ya kubadilisha lenzi haiji peke yake, ni mfumo mzima. Mdomo wake, ile pete ambapo lenzi hufungwa, ndio unaoamua lenzi zipi zitaingia, utaazima kwa nani siku kamera yako ikiharibika saa mbili kabla ya ndoa, fundi yupi ana vipuri, na nani atainunua utakapotaka kupanda. Mdomo wa Canon EF upo tangu 1987, wa Nikon F tangu 1959. Lenzi zilizotengenezwa kwa miaka yote hiyo bado zinazunguka mikononi mwa watu, na ndizo zinazomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kufanya kazi hii. Kama wenzako watano wa hapo mjini wana Canon, nunua Canon, hata kama jamaa wa YouTube amesifia chapa nyingine wiki nzima. Yeye hatakuazima lenzi.

Simu yangu ina megapikseli 108. Kuna haja ya kununua kamera? (Msomaji, Dodoma)

Kama picha zako zinaishia WhatsApp na hakuna anayekulipa, hakuna haja.

Nina milioni moja na laki mbili, nataka kuanza kupiga harusi na sendofu. Dukani kuna Canon 4000D mpya kwenye boksi. Rafiki ananiuzia 700D aliyoitumia. Mpya si ndiyo salama zaidi? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Chukua 700D, ila uikague kwanza kama nilivyoeleza hapo chini.

4000D ilitoka 2018 na 700D ilitoka 2013, kwa hiyo anayetazama mwaka tu atadhani anapata kifaa bora zaidi. Zishike zote mbili mkononi uzilinganishe. Mdomo wa 4000D ni wa plastiki, wa 700D ni wa chuma. Skrini ya 4000D ni ndogo, imeganda mahali pamoja, na ina nukta 230,000 tu. Ya 700D inazunguka, unaigusa kuchagua pa kufokasi, na ina nukta zaidi ya milioni moja. 700D hujipangusa yenyewe vumbi la sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, 4000D haina uwezo huo. Sensa zote mbili ni za megapikseli 18.

Sasa itazame 4000D kwa juu, pale flashi inapochomekwa. Kamera nyingine za Canon zina vitufe vidogo vinne vya shaba na kimoja kikubwa katikati. Kwenye 4000D hicho kikubwa hakipo, na 2000D na 250D ni hivyohivyo. Flashi za bei nafuu kama Yongnuo YN560, ambazo vijana wengi huanza nazo, pamoja na triga rahisi za studio (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali), zinategemea kitufe hicho kimoja tu. Kwenye kamera hizi hazitawaka. Kijana ananunua kamera mpya, anaazima flashi ya mwenzake, anafika ukumbini ndipo anagundua. Nakasirishwa sana na wauzaji wanaolijua hili na kunyamaza.

Bajeti yako usiimalize kwenye bodi. Ukipata 700D na lenzi yake ya 18-55 (ni milimita: namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta karibu), hakikisha imebaki pesa ya vitu vitatu: betri ya pili, flashi ya mtumba ambayo kichwa chake kinageuka, na Canon 50mm f/1.8 STM. Lenzi ya 18-55 ikivutwa mpaka mwisho haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Ile ya 50mm ikifunguliwa f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwenye ukumbi wenye taa hafifu, hiyo ndiyo tofauti ya sura ya bibi harusi inayosomeka na sura iliyojaa chenga. Kwenye 700D lenzi hiyo inabana picha kama 80mm, basi itumie kwa sura za watu na pete. Familia nzima jukwaani irudishie 18-55, f/8, na flashi.

Flashi usimpige mtu nayo usoni. Igeuze juu kwenye dari jeupe au nyuma yako kwenye ukuta. Wapambaji wakiwa wamefunika dari kwa vitambaa vya zambarau, nyuso nazo zitatoka za zambarau. Hapo tafuta ukuta mweupe, au funga kadi nyeupe juu ya kichwa cha flashi.

Halafu jambo ambalo hukuliuliza: kwa kifaa kimoja kisicho na mbadala, usichukue harusi ya mtu ukiwa peke yako. Nenda kama msaidizi wa mpiga picha mwingine kwanza. Ndoa haipigwi mara mbili.

Bora megapikseli 18 au 24? (Msomaji, Kahama)

Ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, ambazo hazifiki milioni tisa, yaani megapikseli tisa. Tafadhali tuliache swali hili.

Nimenunua Nikon D5600 na lenzi ya 50mm f/1.8D. Haifokasi kabisa, na kuna wakati kamera inaandika “fEE”. Nimeuziwa lenzi mbovu? (Msomaji, Eldoret)

Lenzi yako ni nzima. Kasoro ni kwamba haikutengenezwa kwa bodi hiyo.

Lenzi nyingi za Nikon zenye herufi D, ikiwemo yako, hazina mota ndani. Zinasubiri bodi izizungushe. Ukitazama mdomo wa D90, D7000 au D7200 utaona kijiti cha chuma kilichochongwa ncha ya bisibisi. Ndicho kinachoingia kwenye lenzi na kuizungusha. D5600 na ndugu zake wote wa D3000 na D5000 hawana kijiti hicho. Hao wanahitaji lenzi zilizoandikwa AF-S, au AF-P kwa zile mpya kidogo kama D5600 yako. “fEE” inakuambia pete ya tundu la mwanga haijafungwa: izungushe mpaka namba kubwa kuliko zote, f/22, kisha ifunge kwa kitufe chake.

Unaweza kufokasi kwa mkono ukifuata kitone cha kijani ndani ya dirisha la kutazamia, lakini kwa watoto wanaokimbia utachoka mapema. Ushauri wangu ni kuirudisha, au kuibadilisha na 35mm f/1.8G DX, ambayo ni nyepesi na inafokasi yenyewe kwenye bodi yako. Na usidhani utaiokoa ukihamia kamera mpya za Nikon Z: adapta ya FTZ, ya kufungia lenzi za zamani kwenye kamera hizo, nayo haina mota ya kuzungusha lenzi za D.

Nimeletewa Sony kutoka Japani. Menyu ni ya Kijapani tu, na video za ukumbini zina mistari inayopanda na kushuka. (Msomaji, Mombasa)

Sony nyingi za soko la Japani zimefungiwa Kijapani, na kwenye menyu hakuna pa kubadilisha. Ndiyo maana zinauzwa rahisi. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe na akuonyeshe orodha ya lugha.

Mistari haitokani na ubovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, wa Marekani ni 60, na nusu ya Japani pia. Weka spidi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) 1/50 au 1/100 ya sekunde, usitumie 1/60, na kwa taa nyingi mistari itatulia. Kama kamera yako ina chaguo la PAL (mfumo wa video wa nchi za hezi 50), liweke, urekodi kwa fremu 25 kwa sekunde.

Nihamie mirolesi (kamera isiyo na kioo ndani), au nikusanye pesa za fulu fremu (kamera yenye sensa kubwa)? Nimeona Samsung NX300 yenye lenzi mbili kwa bei ya kutupa. (Msomaji, Kigoma)

Samsung usiiguse. Bei iko chini kwa sababu mfumo wenyewe umekufa. Samsung iliuanza 2010 na haikuchukua miaka mingi ikaachana na kamera. Nikon 1 ilianza 2011 ikafungwa 2018. Canon EF-M ilianza 2012 ikafungwa 2023, na lenzi zake hazifungi kwenye mirolesi mpya za Canon, zenye mdomo wa RF. Kamera hizi bado zinapiga picha nzuri, lakini siku lenzi ikianguka utakuwa na bodi isiyo na mwenza.

Mirolesi yenyewe ndiko dunia ilikoenda, na kamera mpya zote za maana ziko huko. Kwa pesa kidogo, bado DSLR ya mtumba, kamera yenye kioo ndani kama 700D, inakupa zaidi. Tazama betri tu: kwa kipimo cha viwanda, Nikon D3500, ambayo ni DSLR, hupiga picha 1,550 kwa chaji moja, Sony a6000, ambayo ni mirolesi, hupiga kama 360. Kwenye eneo ambalo umeme unakatika, hilo si jambo dogo. Ukianza na lenzi za Canon EF leo, kesho zitafunga kwenye mirolesi za RF kwa adapta na zitafokasi kama kawaida.

Fulu fremu ni tamu, lakini gharama yake kubwa iko kwenye lenzi. Na angalia mtego huu: lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S, ikiwemo 18-55, haziingii kabisa kwenye 6D au 5D, ambazo ni fulu fremu. Wapo walionunua 6D kwa akiba ya mwaka mzima wakabaki hawana hata lenzi moja ya kuvaa.

Nakaguaje kamera na lenzi za mtumba? Nipo Unguja. (Msomaji, Zanzibar)

Kwa lenzi, zima taa, fungua tundu lote, na mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Vumbi chache hazina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni, hiyo ni fangasi. Acha, hata ukiambiwa “inasafishika”. Fangasi hutoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo, na alama haitoki hata fundi akiiua. Pwani yetu ndiko kwao. Weka vifaa kwenye boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, na vifuko vya silika na kipima unyevu kinachosoma asilimia 40 hadi 50. Mkoba wa ngozi ndani ya kabati ni mahali pabaya kuliko pote.

Kwa bodi, piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Uliza imepiga picha ngapi: Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha, Canon nyingi huhitaji programu na waya. Shata ya 700D ilipimwa kwa picha 100,000. Dai risiti, na namba ya bodi ilingane nayo. Asiyekuwa na risiti na anayeharakisha bei, mwache aende.

Kadi ya GB 256 nimeipata kwa bei ya GB 32. Nusu ya video hazifunguki. (Msomaji, Tanga)

Ni feki. Imechezewa ijitambulishe kwa ukubwa ambao haina, na ikishajaa inaandika juu ya ulichokwisha rekodi. Programu ya H2testw, ya bure kwa Windows, itaijaza na kukuambia ukubwa wake halisi. Ipitishie kila kadi mpya kabla ya kazi. Nunua GB 32 mbili za kweli, zifomati ndani ya kamera, na usifute hata moja mpaka harusi ya watu iwe imenakiliwa sehemu mbili na umefungua faili zake kwa macho yako.