Shangazi, kila anayeniomba namkubalia

*Shikamoo shangazi. Natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Bosi akisimama mlangoni kuniomba nije Jumapili, nakubali. Friji nimechukua kwa mkopo kwa sababu muuzaji aliketi mezani kwangu hakuondoka. Sasa mwenzangu kazini anataka nimdhamini mkopo wa milioni moja na nusu, tusaini Ijumaa. Nimeshaitikia kwa kichwa. Nimwambie mume wangu? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Kupima mambo unajua. Asiyejua kuhesabu hakabidhiwi stoo ya mabati na misumari. Kinachokuponza ni kujibu papo hapo, anayeomba akiwa amekukazia macho na wewe unaona haya.

Jizoeze kusema, "Nitakujibu kesho." Usiongeze neno. Ukianza kutoa sababu, mtu ataipangua moja baada ya nyingine mpaka uishiwe. (Methali ya haraka haraka sikupi. Tunaijua sote na bado tunasaini.)

Friji malizia tu marejesho, na Jumapili ukiikosa hii kuna ijayo. Roho yangu iko kwenye hiyo dhamana. Mdhamini si shahidi wa tabia njema. Mwenzako akishindwa kulipa, mkopeshaji ana haki ya kukudai wewe deni lilelile, pengine na riba juu. Na kama ni hii mikopo ya riba kali inayoitwa kausha damu, mtaambiwa muache kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Ukisikia hivyo, ondoka hata kama soda imeshafunguliwa. Mkopeshaji halali asiye benki ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wanaokopesha tu bila kupokea akiba za watu leseni yao hutoka Benki Kuu. Aioneshe, na mkataba uusome nyumbani, si kaunta kwake.

Halafu kaa na kalamu: mwenzangu akihama mji mwezi ujao, hiyo milioni na nusu nitaitoa wapi? Usijaze "Mungu atasaidia" kwenye safu ya mapato. Kama mshahara wako haufiki hapo, hakuna cha kujadili.

Kuitikia kwa kichwa hakujakufunga. Mwambie kesho asubuhi, usingoje Ijumaa, apate muda wa kutafuta mwingine: "Nimefikiri, sitaweza kukudhamini." Atanuna, pengine wiki nzima, na chai mtakunywa meza tofauti. Vumilia. Ukiona huruma, mpe kiasi ambacho hata asipokirudisha watoto wako watakula na ada italipwa, na umpe ukijua moyoni kwamba umetoa.

Mumeo mwambie leo usiku, na hilo lisingoje kesho. Wadai wakija kubeba televisheni na makochi, ni vitu vyenu wote wawili, na si vizuri habari aipate kwa watu wenye kirikuu mlangoni.